Je, Wajua? Dafu Likiingia Friza

Je, wajua kwamba lambalamba ya dafu ya Kifilipino haihitaji mashine yoyote? Ile wanayoiita ice buko, inayouzwa mitaani Manila ikiwa imechomekwa kijiti, ni maji ya dafu, nyama ya dafu, maziwa mazito matamu ya kopo, na baridi. Basi. Kazi iliyobaki ni kujua dafu liwe la umri gani, sukari iwe kiasi gani na moto uishie wapi, na mwenye kujua hayo matatu hashindwi na friza ya aina yoyote.

Je, wajua kwamba dafu changa kabisa halifai? Wauzaji wa Ufilipino hupanga madafu kwa madaraja matatu kufuatana na nyama yake: ya ute, ya wali uliopikwa, na ya ngozi. La ute hupotelea kwenye mchanganyiko, usilione tena. La ngozi, ambalo kwetu limeshaelekea kuwa koroma, likiganda halitafuniki. Linalotakiwa ni la katikati, ambalo nyama yake inabanduka vizuri lakini bado inakatika kwa ulimi.

Je, wajua kwamba unene wa nyama ndio unaoamua kama mtoto atafurahi au atalia jino? Nyama ya dafu kwa sehemu kubwa ni maji, na pande lake nene likiganda huwa jiwe. Ndiyo maana Wafilipino huikwangua kwa kifaa kidogo cha bati chenye meno, kinachoivuta nyama kwa nyuzi ndefu nyembamba. Kile kijiko cha kumbi anachokuchongea muuza madafu wetu ni kizuri kwa kulia pale pale barabarani. Kwa lambalamba kinatoa mapande. Ukishakwangua, rudia kwa kisu mpaka vipande viwe vyembamba kama tambi.

Wajua kwa nini maji ya dafu matupu yakigandishwa hayang'atiki? Sukari yake ni kidogo, haizidi sana sehemu 5 kwa 100. Sukari huwa inazuia sehemu ya maji isigande, hata kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na yale maji machache yaliyobaki bila kuganda ndiyo yanayoifanya barafu iwe laini. Hapo ndipo maziwa matamu ya kopo yanapoingia: yanaleta sukari, mafuta na protini kwa mpigo mmoja. Usiogope ukionja mchanganyiko ukiwa vuguvugu ukauona mtamu kupita kiasi. Ulimi uliopoa hauusikii utamu sawasawa, na kinachokirihi kwenye sufuria huwa cha wastani kwenye kijiti.

Haya, vipimo. Madafu mawili ya nyama ya katikati, kopo moja la maziwa mazito matamu la gramu karibu 400, konflawa vijiko viwili vya chakula, chumvi nukta. Chukua kikombe kimoja cha maji ya dafu yakiwa ya baridi ukoroge konflawa ndani yake mpaka isibaki hata donge moja. Vikombe vingine viwili vya maji hayo vitie sufuriani pamoja na maziwa na chumvi, moto mdogo. Yakianza kutoa mvuke mimina ule uji wa konflawa taratibu huku mwiko haupumziki. Ukiona umeshika mgongo wa kijiko, epua. Acha upoe kabisa, ndipo utie nyama ya dafu, kwa sababu ukiitia kungali na moto inaiva na kukakamaa. Jaza vikopo lakini usifike mdomoni: maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 kwa 100, na yatatafuta pa kutokea. Kijiti chomeka baada ya mchanganyiko kuanza kushika, la sivyo kitalala upande.

Na ile konflawa, wajua ni ya nini? Si ya kushibisha. Wanga hushika maji yasitembee, na maji yasiyotembea hayakusanyiki kuwa chembe kubwa za barafu zinazokwaruza ulimi. Kugandisha kwa haraka kunasaidia vilevile, kwa hiyo panga vikopo vikigusa ukuta wa friza, tena vyote visikae rundo moja, na mwambie kila mtu aliyemo nyumbani kwamba mlango haufunguliwi kwa kuchungulia.

Je, wajua kwamba unaweza kuacha maziwa kabisa? Tumia kasimile, lile tui la kwanza zito, na sukari. Tui halina laktosi hata chembe, kwa hiyo hata yule ambaye tumbo lake halipatani na maziwa atakula bila wasiwasi. Sharti lake ni moja, na mpishi yeyote wa pwani analijua: lisikatike. Moto mdogo, sufuria wazi, mwiko upande mmoja bila kuchoka, na lisitokote kwa nguvu. Tui lililokatika kwenye mchuzi wa samaki bado linaliwa na watu wakasifu. Kwenye lambalamba mafuta hupanda juu na kuganda peke yake, kwa kuwa mafuta ya nazi huanza kugeuka mango kwenye nyuzi 24 tu, na unabaki na tabaka la nta juu na barafu tupu chini.

Je, wajua kwamba barafu ya Manila ilikuwa ikija kwa meli kutoka Marekani? Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa huko walikata barafu kwenye maziwa ya kaskazini wakati wa baridi, wakaizungushia vumbi la mbao na kuivusha bahari. Marekani ilipoitwaa Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, haikukawia kujenga kiwanda chake cha barafu jijini humo, na mwaka 1902 kilikuwa tayari. Maziwa ya kopo nayo yakazoeleka zama hizo hizo za Wamarekani. Kabla ya hapo aiskrimu ya Kifilipino, sorbetes, ilipikwa kwa maziwa ya nyati wa kufugwa, yule anayelima mashamba ya mpunga, au kwa tui la nazi.

Sorbetes ingali hai. Muuzaji husukuma mkokoteni wa mbao uliopakwa rangi kali, ndani yake mna makopo marefu ya chuma yenye mifuniko, kila kopo na ladha yake. Chombo cha kutengenezea huitwa garapinyera: silinda ya chuma imesimama ndani ya pipa la mbao, pembeni kumeshindiliwa barafu na chumvi ya mawe, juu kuna mkono wa kuzungushia. Na chumvi ile, je, wajua inafanya nini? Barafu ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi sifuri, na nyuzi sifuri hazitoshi kugandisha kitu kitamu. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke kwenye baridi kali zaidi, na katika kuyeyuka huko huvuta joto kutoka kwenye silinda. Mchanganyiko wa barafu na chumvi uliopimwa vizuri unaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi kuliko friza ya nyumbani.

Ukikatikiwa umeme, basi, kazi haijalala. Sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa, katikati barafu iliyopondwa sehemu tatu na chumvi sehemu moja kwa uzito, mfuniko usiopitisha hata tone la maji ya chumvi. Zungusha sufuria ndogo kwa mkono, na kila baada ya dakika chache funua ukwangue kilichoganda ukutani ukirudishe katikati. Vaa kitambaa mkononi, maana baridi ya barafu ya chumvi inaunguza ngozi kweli kweli. Mimi naiona hii kuwa njia bora kuliko friza kwa mchanganyiko wa tui, kwa sababu ule mzunguko ndio unaovunja chembe za barafu zikiwa bado changa.

Wajua sorbetes huliwa wapi? Kwenye koni, ndiyo, kwenye kikombe pia. Lakini mteja akitaka hutiwa ndani ya mkate mdogo wa mviringo, katikati, na watu huuma vyote pamoja. Ladha mojawapo inayopendwa ni ya jibini. Kabla hujakunja uso, kumbuka kwamba tui na chumvi ni majirani wa siku nyingi.

Ladha ya zambarau je? Hiyo ni ube, na ube si mgeni kwetu: ni kiazi kikuu, kile kile kinacholimwa Pemba, ila aina yake ya nyama ya zambarau. Huchemshwa, husagwa, hupikwa na maziwa na sukari mpaka kikaze, kisha huchanganywa na tui na kugandishwa.

Je, wajua kwamba harufu ya jani la pandani, linalochemshwa pamoja na maji ya dafu kwa vitamu vingi vya Kifilipino, na harufu ya mchele wa basmati zinatokana na kemikali moja? Jani hilo ni la jamaa ya mkadi wetu, ingawa katika mkadi watu hufuata maua.

Je, wajua ipo nazi isiyoweza kuota? Makapuno ni nazi ambayo ndani haina maji ya kutikisika. Imejaa nyama laini nzito yenye utelezi, na Wafilipino huithamini kwa aiskrimu kuliko nazi nyingine yoyote. Taabu yake ni kwamba kiinitete chake ni kizima lakini hakiwezi kuimeng'enya ile nyama ili kupata chakula, kwa hiyo kinafia humo humo. Kwa miaka mingi mkulima alipanda nazi za kawaida kutoka mti uliowahi kuzaa makapuno, akangoja, na mti ulipozaa akapata chache tu katika mkungu. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi Emerita de Guzman wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, Los Baños, alikitoa kiinitete nje ya nazi na kukilea kwenye chupa yenye lishe mpaka kikawa mche. Miti ya namna hiyo huzaa makapuno kwa wingi. Msomaji aliyeko Dubai au Maskati anaweza kuitafuta ikiwa kwenye chupa, ndani ya shira, katika maduka ya vyakula vya Kifilipino.

Kwenye rafu hiyo hiyo utaona vipande vyeupe vya mraba vinavyong'aa: nata de coco. Wajua vimetengenezwa na nani? Na bakteria. Maji ya nazi hutiwa sukari na asidi kidogo na kuachwa yametulia kwenye trei. Bakteria hufuma juu yake utando wa selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye pamba, na baada ya wiki moja au mbili utando umefikia unene wa kidole hivi. Hukatwa, huchemshwa na kumwagwa maji mara kadhaa mpaka uchachu utoke, kisha hupikwa kwa shira. Aliyebuni njia hiyo mwaka 1949 ni mkemia Teodula Kalaw África. Kabla yake nata ilitengenezwa kwa nanasi, nalo lina msimu wake. Nazi haina msimu.

Je, wajua kwamba halo-halo, bilauri maarufu ya barafu iliyoparuzwa, maharage matamu, nyuzi za makapuno, nata na maziwa, imekua kutokana na barafu ya Wajapani? Wahamiaji wa Kijapani waliokuwa Manila kabla ya Vita Kuu ya Pili waliuza barafu na maharage yaliyopikwa kwa sukari. Wafilipino wakaongeza kila walichonacho.

Na hili la mwani. Mwani unaolimwa Zanzibar, ule wa Paje na Jambiani unaoanikwa na wanawake maji yakitoka, mbegu yake ya biashara ililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo kikaanza mwaka 1989. Aina moja inayojulikana kama cottonii ina jina la kisayansi Kappaphycus alvarezii, kwa heshima ya Vicente Alvarez, mmoja wa waanzilishi wa kilimo hicho kusini mwa Ufilipino. Kutoka humo hutolewa karajinani, na karajinani hutiwa kwenye aiskrimu za viwandani kushikilia maji na maziwa visitengane. Yaani kazi ile ile iliyofanywa na konflawa kwenye sufuria yako.

Wajua minazi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi nayo ina damu ya pande hizo? Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 uligawa minazi ya dunia katika koo mbili, ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi. Minazi ya Madagaska na Komoro ilikutwa na mchanganyiko wa zote mbili, na maelezo yaliyotolewa ni mabaharia wa Kusini-Mashariki mwa Asia waliovuka na nazi zao.

Kuhusu chombo cha kugandishia: barafu za majumbani Ufilipino nyingi hutiwa kwenye vifuko vyembamba virefu vya plastiki na kufungwa fundo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na kwa lambalamba za nyumbani vikombe vidogo vinavyooshwa na kutumika tena vinafaa zaidi. Kutoa ni kuchovya kikombe kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde chache na kuvuta kijiti bila kukizungusha.

Mwisho, je, wajua kwamba mafuta hunyonya harufu? Lambalamba ya kasimile iliyowekwa wazi jirani na papa na ng'onda, kesho kutwa itakuwa na ladha ya ng'onda. Ifunike.