Simu Mpya, Akaunti Zilezile: Namna ya Kurudi Katika Akaunti Zetu Baada ya Kuhama



Familia inapohama kwa haraka, simu huwa kati ya vitu vya kwanza kupotea. Huanguka njiani, huibwa, au huuzwa ili kupata nauli. Baadaye tunapata simu nyingine. Tunafungua barua pepe, tunaandika neno la siri bila kukosea, halafu simu inatudai namba nyingine ambayo hatuna. Wengi hukata tamaa hapo na kufungua akaunti mpya. Katika makala hii tunaeleza kwa nini hutokea hivyo, jinsi ya kurudi katika akaunti yako, na kwa nini jambo hili linagusa amani yetu hapa Kolwezi na katika Lualaba nzima.

Mlango wenye kufuli mbili

Akaunti iliyolindwa vizuri ni kama mlango wenye kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza ni neno la siri, ambalo unalibeba kichwani. Ufunguo wa pili ni kitu ulicho nacho mkononi, yaani namba fupi inayoletwa kwenye simu yako. Mwizi akijua neno lako la siri, bado hawezi kuingia bila namba hiyo. Huu ndio uthibitisho wa hatua mbili.

Ufunguo wa pili ni wa aina mbili. Kuna namba inayokuja kwa ujumbe mfupi. Hiyo hufuata kadi ya SIM. Kuna pia namba inayotengenezwa na programu ndani ya simu yenyewe, kwa mfano Google Authenticator. Hiyo hufuata simu. Ukihamisha SIM peke yake, aina ya kwanza inahama nawe, lakini ya pili inabaki katika simu ya zamani. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Kwa nini ni jambo la amani?

Mkoa wetu unajua nguvu ya maneno. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi na Likasi, na familia nyingi zililala kwenye vituo vya reli zikingoja treni. Wakati ule maneno ya chuki yalipita mdomoni na redioni. Leo yanapita pia katika simu.

Tuseme katibu wa kamati ya waliohama amepoteza simu. Namba yake ingali msimamizi wa kikundi cha WhatsApp cha familia mia mbili. Mtu mwingine akiiteka akaunti hiyo, anaweza kuandika kwamba msaada umeibwa na watu wa kabila fulani, au kuomba pesa kwa jina la katibu. Watu wataamini, kwa sababu jina ni lile wanalolijua. Kwa hiyo kuirudisha akaunti ya kiongozi haraka ni njia mojawapo ya kuzuia ugomvi.

Anza na namba ya simu

Kabla ya yote, okoa namba yako. Nenda katika duka la kampuni ya simu yenyewe, si kwa mtu wa barabarani, uombe SIM mpya yenye namba ileile. Beba kitambulisho ulichoandikishia namba. Kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura. Kama vitambulisho vimepotea, anzia komine, Manika au Dilala, uombe cheti cha kupotelewa na vitambulisho, kisha uulize dukani kama watakipokea. Kumbuka pia namba unazozipigia mara nyingi, kwani huenda ukaulizwa.

Usichelewe. Namba isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine. Na usiogope kuhusu pesa za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money: pesa hizo hazikai ndani ya simu. Zimeandikwa katika kampuni kwa namba yako. Omba kwanza akaunti ifungwe kwa muda, halafu ifunguliwe ukipata SIM.

WhatsApp

Ukiwa na SIM, weka WhatsApp katika simu mpya na uandike namba yako. Utaletewa namba ya tarakimu 6 kwa ujumbe mfupi; kama haifiki, chagua kupigiwa simu. Ukiiandika, yeyote aliyekuwa akitumia akaunti yako katika simu nyingine anatolewa papo hapo.

Huenda ikadai tena tarakimu 6 za siri ulizoziweka wewe mwenyewe zamani. Kama umezisahau na uliwahi kuandika barua pepe yako, zibadilishe kwa njia hiyo. Kama hukuandika barua pepe, utangoja siku 7. Ni muda mrefu, lakini katika siku hizo aliyekuibia naye yuko nje.

Barua pepe na Facebook

Akaunti ya Google ina namba za akiba: 10, kila moja ya tarakimu 8, na kila moja hutumika mara moja tu. Facebook nayo ina namba za namna hiyo. Kama ulizichapisha au kuziandika, tumia mojawapo na umeingia.

Kama huna, chagua njia ya kurudisha akaunti. Hapo Google hutazama kama wewe ni yule yule. Aliyekuwa akifungulia barua zake Kananga na leo anajaribu kutoka Kolwezi kwa simu mpya anaonekana kama mgeni. Ukiweza, tumia simu au kompyuta uliyowahi kuitumia, hata ya ndugu. Jibu maswali kwa utulivu, na usirudie mara nyingi ovyo. Jibu linaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa.

Namba inakataliwa? Tazama saa

Namba za programu hubadilika kila sekunde 30, na huhesabiwa kwa kufuata saa ya simu. Kwetu kuna mtego: Kolwezi iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mtu anafika kutoka Kinshasa, anasogeza saa kwa mkono bila kubadili eneo la saa, na tangu hapo simu yake inahesabu vibaya. Namba zote zinakataliwa, naye anadhani ameibiwa. Fungua mipangilio ya simu na uache tarehe, saa na eneo vijiweke vyenyewe.

Kabla ya kuiacha simu ya zamani

Kama simu ya zamani bado inawaka, usiiuze wala kuifuta kwanza. Fungua programu ya namba, chagua kuhamisha akaunti, kisha isomeshe simu mpya ule mraba wenye vidoti vyeusi. Tangu mwaka 2023 Google Authenticator inaweza pia kuhifadhi namba hizo katika akaunti ya Google. Jaribu kuingia kwa simu mpya. Ukifaulu, ndipo uifute ya zamani.

Andika namba za akiba kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Karatasi haiishiwi na moto wa betri.

Maneno kwa viongozi

Kila kikundi kiwe na wasimamizi wawili au watatu, watu wanaoaminiwa na pande zote. Msimamizi akipoteza simu, wenzake wamwondoe kwa muda na waandike wazi: "Simu ya katibu imepotea. Msiamini ujumbe wowote wa namba yake mpaka aje mwenyewe mbele ya kamati." Kutangaza hivyo si kumwaibisha. Ni kumlinda yeye na kikundi.

Na jambo la mwisho tunaomba lisomwe kwa sauti mkutanoni, kwa ajili ya wazee wetu wasiosoma: namba inayokuja kwenye simu yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu, benki au shirika la msaada. Sisi pia hatutakuomba namba hiyo kamwe.

Tunawatakia amani.