Kwa Nini Kishikio Kilicholowa Huunguza

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu kishikio cha sufuria alichokifuma kwa kroshia kutokana na mabaki ya nyuzi. Aliunganisha viraka vya rangirangi, akakikunja mara mbili, na kikamfaa kwa muda mrefu. Juzi alikitumia kuipua maharage, kikamuunguza vidole papo hapo. Anauliza: unene ni uleule, jiko ni lilelile, imekuwaje? Mwishoni kabisa, kana kwamba si jambo la maana, anaongeza kuwa muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amekifutia meza.

Hapo ndipo penye jibu.

Namna ya kushika sindano na kuanza cheni sitaieleza. Wengi wenu mnanishinda. Tuingie ndani ya uzi. Sufuria zetu nyingi za alumini hazina masikio, zina ukingo tu, na alumini hupitisha joto zaidi ya mara 8,000 kuliko hewa iliyotulia. Kishikio kikavu kwa sehemu kubwa ni hewa, iliyonaswa katika nafasi finyu mno kati ya nyuzi hata haiwezi kuzunguka na kubeba joto. Kazi kubwa ya uzi ni kuifunga hewa hiyo isitoroke. Sufu inasifika kwa sababu nywele zake zina mawimbi: ukizibana zinanywea, ukiziachia zinafumuka na hewa inarudi.

Sasa kiloweshe. Maji yanakalia nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Maelezo mengi huishia hapo. Ni kweli, ila ni nusu ya habari, tena nusu isiyo na utamu.

Yachukulie maji yaliyomo kitambaani kuwa daladala zinazofanya safari kati ya sufuria na kiganja, na joto ndilo abiria. Kituo cha sufuria kimefurika. Maji yanayogusa alumini yanapakia mpaka yanageuka mvuke, na hapo ndipo utakapoona gari lilivyo kubwa. Kupasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi huchukua jouli kama 335. Kuigeuza gramu hiyohiyo kuwa mvuke huchukua jouli nyingine 2,260 hivi, na kipimajoto hakisogei hata kidogo! Abiria wote hao wamo ndani, wamebanana, wengine wananing'inia mlangoni. Mvuke unakimbilia upande uliopoa, yaani kwenye vidole vyako. Ukifika unarudi kuwa maji, na abiria wote wanashuka kwa mkupuo, juu ya ngozi. Gari tupu nalo halilali huko. Nyuzi za pamba zinalivuta kulirudisha kwenye sufuria, kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, likapakie tena. Hakuna dereva, hakuna konda, hakuna foleni.

Wahandisi huutumia ujanja huu makusudi. Richard Gaugler wa General Motors alipata hataza ya kifaa cha namna hii huko Marekani mwaka 1944. Kikakaa bila kutumika, hadi George Grover wa maabara ya Los Alamos alipokiunda upya mwaka 1963. Leo kompyuta mpakato nyingi zina mirija ya shaba iliyozibwa pande zote, yenye maji kidogo na utambi ndani, inayohamisha joto la prosesa hadi kwenye feni. Wapo wanaoiita mabomba ya joto. Sipendi; bomba linanipeleka bafuni. Nitasema mirija pokezi, mpaka atokee mwenye jina zuri zaidi. Basi msomaji wangu amefuma, kwa mabaki ya nyuzi, mtambo wa kupozea kompyuta, kisha akaweka vidole mahali pa feni. Kitambaa hakijazibwa kama mrija, na mvuke mwingine hupotea hewani, lakini kwa mtu anayeipua hilo si faraja.

Mabaki yenyewe nayo yachambuliwe. Akriliki, iliyojaa madukani, hulainika kwa joto, na likizidi huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Pamba haiyeyuki, huungua. Sufu huwaka kwa shida, na ukiitoa motoni kwa kawaida hujizimia. Ukiwa na shaka, shika kipande kifupi kwa kibano ukiwashe juu ya sinki. Pamba itanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, sufu itanuka nywele, akriliki itajikunja kuwa kitone cheusi kigumu. Nyuzi za mchanganyiko hudanganya.

Tena ile miraba yenye matundu, inayopendeza sana sebuleni, haifai jikoni: kidole kinapenya na kukutana na alumini. Fuma mishono mifupi iliyobanana, viraka viwe tabaka mbili za pamba, katikati utie kipande cha sweta kuukuu la sufu. Weka kitanzi kwenye pembe, ukitundike mbali na sinki. Meza ifutwe kwa kitambaa kingine, na akriliki iliyobaki iende kwenye vitambaa vya makochi.