Fahamu: Hesabu na sayansi ndani ya pampu za Ahero

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza sekondari ya juu Januari 2026, baadhi yao katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Shule za Ahero zina somo la mkondo huo nje ya lango.

Mashamba ya mpunga ya Ahero hupata maji ya Mto Nyando kwa pampu za umeme. Tuseme maji yanainuliwa mita 5. Lita 1,000 ni kilo 1,000; zidisha kwa 10, kani ya uvutano kwa kila kilo, kisha kwa 5. Unapata jouli 50,000. Uniti moja ya umeme, ile tunayonunua kwa tokeni, ni jouli 3,600,000. Ingeinua lita 72,000 kama pampu isingepoteza chochote. Lakini hupoteza, na anayelipia hasara hiyo ni mkulima.

Huko Nyakach hesabu hugeuka. Katika kituo cha kuzalisha umeme cha Sondu-Miriu cha KenGen, maji hushuka karibu mita 200. Takriban mita za ujazo 40 kwa sekunde zingetoa megawati 80. Kituo kiliundwa kutoa 60. Nyingine zimekwenda wapi? Mwanafunzi anayeuliza hivyo tayari yumo ndani ya handaki la kilomita 6, akitafuta msuguano, na ndani ya mitambo, akitafuta joto. Mimi ningeanzia hapo, kabla ya fomula yoyote ubaoni. Kisha ningempa kituo cha Sang'oro, ambako maji hayohayo huzalisha megawati 21 zaidi.