Walikolelewa Wenye Ulemavu wa Akili Nairobi

Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua makao ya wenye wazimu huko Mathari, Nairobi, katika majengo yaliyokuwa yakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Kufikia 1924 yalikuwa yakiitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Ulemavu wa akili, ambao mtu huzaliwa nao au huupata utotoni, hautibiwi ukaisha kama ugonjwa. Hata hivyo, mlemavu aliyekosa jamaa mjini hakuwa na pengine pa kupelekwa na serikali ila wodi hizo.

Kule Uingereza, sheria ya mwaka 1913 iliruhusu watu kama hao kutengwa katika makao makubwa mashambani, na wengi walizeekea humo. Kenya haikujengewa makao ya namna hiyo. Hilo halikuwa wema: malezi yaliachiwa jamaa. Vyumba vingi vya mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kama Shauri Moyo na Ziwani vilikusudiwa mwanamume mfanyakazi, si jamaa yake. Mtoto mlemavu alibaki ushago, akalelewa na nyanya na shangazi, na kazi yao haikuingia katika bajeti yoyote.

Kati ya huduma zilizokuja baadaye, shule ndiyo iliyotangulia. Ile ya St Nicholas, iliyoanza mwaka 1948, iliunganishwa na shule maalum ya Aga Khan mwaka 1968 ikawa Jacaranda. Lakini ilikuwa upande wa magharibi wa jiji, mbali na Eastlands kwa miguu na kwa mfuko. Mwaka 1984 vilianzishwa vituo vya kuwapima watoto ili wapangiwe shule inayowafaa, na miaka miwili baadaye ikaja taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum, iliyoko Kasarani. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2003, wazazi wengi zaidi walibisha hodi katika vitengo maalum vya shule za kawaida.

Wakati huo Eastlands yenyewe ilikuwa imebadilika. Tangu miaka ya 1970 Dandora na Umoja zilijaa familia nzima, lakini nyanya hakuhamia mjini pamoja nazo. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu au kuuza mitumba Gikomba ana njia chache: amwachie jirani mtoto, amlipe msichana wa kazi, au afunge mlango kwa kufuli. Ni rahisi kumlaumu kwa kufuli hilo kuliko kumtafutia mahali pa kumwacha mtoto mchana. Baadhi ya watoto huishia katika makao ya hisani, kama yale ya watawa wa Mama Teresa huko Huruma.

Makao nayo yamepata wakosoaji. Mwaka 2018 shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kali kuhusu watoto walemavu wanaofungiwa katika taasisi nchini. Mwaka 2022 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka taasisini hadi kwenye familia. Mkakati huo ni wa watoto. Mtu mzima mwenye ulemavu wa akili bado hutegemea mzazi anayezeeka, na ndiyo sababu katika baadhi ya shule maalum hukutwa wanafunzi waliokwisha kuota ndevu: wakitoka darasani hapo, hawana pengine pa kwenda ila nyumbani.