Mtoto Asirudie Kusimulia

Mama mpendwa, sisi wauguzi tuna jambo la kuungama. Mara nyingi mtoto aliyenajisiwa alipoletwa kwetu, tulimhoji mbele ya watu, kisha tukamrudisha polisi akachukue fomu ya PF3. Huko akahojiwa tena, na hospitalini mara ya tatu. Kwa mama wa Kasanga, kufika Sumbawanga tu ni safari ndefu. Saa zikapita, na dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walitendewa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Na wavulana, 1 kati ya 7.

Basi tubadilike: tiba itangulie fomu. Muuguzi, polisi na ofisa ustawi wa jamii wamsikilize mtoto pamoja, faraghani, mara moja.

Nawe mama, usimwogeshe wala kufua nguo zake, mlete upesi. Simu 116 ni ya bure. Usipokee ng'ombe wala fedha za kumaliza shauri nyumbani, hata mtenda akiwa jamaa au mzee wa kanisa.