Sayansi ya Baruti (3): Kuzidi na Kupungua kwa Kipimo

Katika sehemu iliyopita tulimwona Paul Vieille wa Ufaransa akibuni, mwaka 1884, baruti isiyofuka moshi mwingi. Leo tuifuate baruti hiyo hadi Marekani, ambako wapiga shabaha wengi hujijazia risasi nyumbani. Huchukua ganda lililokwisha kutumika, hulitia fataki mpya, hupima baruti, kisha hubana kichwa cha risasi juu yake.

Baruti nyeusi ya zamani haibadilishi sana kasi yake ya kuungua hata ikibanwa. Hii ya kisasa sivyo. Ukiiwasha mahali pa wazi huwaka kwa mwali tu. Ndani ya ganda, gesi yake huongeza shinikizo, shinikizo huharakisha kuungua, na kuungua huko huzaa gesi zaidi. Ndiyo maana nyongeza ndogo ya kipimo huweza kupandisha shinikizo mno.

Mwaka 1935 ilitoka risasi ya .357 Magnum, kwa ajili ya rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka. Ganda lake lilirefushwa kidogo kupita la .38 Special, lisiweze kuingia katika bastola dhaifu. Na kulikuwa na sababu: kikomo cha shinikizo cha .357 leo ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, ilhali cha .38 Special ni 17,000.

Urefu huo wa ganda una hila yake. Baruti inayoungua upesi hutiwa kidogo tu, nayo huacha nafasi kubwa tupu. Mjazaji akikatizwa na simu, akarudi na kulitia ganda lilelile mara ya pili, baruti haitamwagika wala kichwa hakitakataa kukaa. Kosa litajulikana silinda ikipasuka.

Basi atumie baruti inayoungua polepole, ambayo hujaza ganda na kufurika ikirudiwa? Ni kinga nzuri, lakini baruti za namna hiyo nazo zina sharti lake. Kampuni ya Hodgdon huonya kwamba kipimo cha baruti yake ya H110 kisipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3. Kikipungua mno, shinikizo halifiki pale baruti inapoungua sawasawa, na kichwa huweza kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji husikia mlio hafifu, huvuta tena kifyatulio, na risasi ya pili huikuta njia imezibwa. Kwa baruti hii, anayepunguza kipimo ili awe salama huenda ndiye anayejitia hatarini.

Kanuni za wajazaji waangalifu zimetokana na hayo. Mezani hukaa kopo moja tu la baruti, na baruti hairudishwi katika kopo lisilo lake, kwani rangi na umbo la punje havitoshi kuitambulisha. Kipimo hufuata kitabu cha mtengenezaji, na mizani hukaguliwa kwa uzito unaojulikana, maana kinachopimwa ni greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Kabla ya kubana vichwa, maganda yote hupangwa kwenye kibao na kumulikwa moja moja kwa tochi. Uwanjani, mlio ukiwa hafifu, bastola hufunguliwa, risasi zote hutolewa, na mtutu hukaguliwa kabla ya kupiga tena.

Toleo lijalo: namna ya kuhifadhi baruti, na dalili za baruti iliyoharibika.