Kamongo Aliyemngoja Mgeni

Wahenga walinena, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hiyo niliikumbuka asubuhi moja nilipofungua friza ya mavyaa yangu hapa Kisumu, nikautazama mkebe ambao kwa muda wa mwezi mzima nilikatazwa kuugusa. Ndani yake mlikuwa na vipande sita vya kamongo wa kubanika. Vipande hivyo vilikuwa vikimngoja mamangu mzazi, aliyekuwa njiani kutoka Mombasa kuja kututazama kwa mara ya kwanza tangu niolewe huku.

Huenda msomaji wa pwani akauliza, kamongo ndiye nani? Ni samaki wa Ziwa Viktoria na vinamasi vyake, mrefu na mnene, mwenye umbo la mkunga wetu wa baharini. Huweza kufikia urefu wa karibu mita 2. Mapezi yake manne ni membamba kama nyuzi, na magamba yake madogo yamezama katika ngozi yenye utelezi. Ajabu yake kubwa ni kwamba ana mapafu. Kamongo aliyekwisha kukua hana budi kupanda juu ya maji kuvuta hewa, na akizuiliwa chini hufa kwa kukosa pumzi. Kinamasi kikikauka, huweza kujichimbia matopeni akasubiri mvua.

Basi, hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Nimezaliwa Mji wa Kale, na najua tunavyokipima chakula kwa macho kabla ya ulimi. Mamangu hula mkunga, ingawa baadhi ya majirani zetu humwona kama nyoka wakamkimbia. Je, huyu wa matopeni, mwenye kupumua kama mtu, angemkubali? Na asipomkubali, uso wa mavyaa yangu ningeutazama vipi? Wakwe zangu ni Waislamu wa Kijaluo wa hapa Kaloleni, na kwao kamongo ni chakula cha kumheshimu mgeni.

Tena siku hizi si samaki wa kupatikana kila uendapo sokoni. Mbuta aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 aliwala samaki wengi wa asili. Vinamasi vya mafunjo, ambamo kamongo dume hulinda mayai na watoto wake, vimekatwa na kulimwa sehemu nyingi. Ndiyo maana mavyaa, alipompata mmoja kwa wavuvi wa Dunga, hakutaka tumle siku ile ile. Alimsugua kwa majivu na chumvi mpaka utelezi ukaisha, akamkata vipande vya upana wa vidole vitatu, akavitia ndimu, kisha akavibanika juu ya mkaa wa moto mdogo hadi mafuta yakachuruzika. Vilipopoa kabisa alivipanga katika mkebe wenye kifuniko, akavitia barafuni.

Nami siku nyingi kabla ya mgeni kufika nilikwenda kumwuliza ustadhi anayewasomesha wanangu. Alinijibu bila kusita. Alisema kwamba kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, wanaotiliwa shaka ni wale wanaoishi majini na nchi kavu, kama chura na mamba. Kamongo ni samaki, maisha yake ni ya majini, na kuvuta hewa si kuishi nchi kavu. Akanikumbusha kisa cha masahaba waliotoka na Abu Ubaida, njaa ikawashika hadi wakala majani, kisha wakamkuta samaki mkubwa mno ametupwa ufukoni, wakamla siku nyingi. Wengi humfananisha samaki yule na nyangumi, naye nyangumi hupumua hewa vile vile.

Nilirudi nyumbani moyo umetua kidogo. Hata hivyo shetani hakosi mlango. Nilijiambia kwamba kwa kuwa ni halali, basi nitampika kwa mapishi ya kwetu, na mama akidhani ni mkunga, nitanyamaza.

Usiku wa kuamkia siku ya karamu niliutoa mkebe katika friza nikauweka chini ndani ya friji, barafu iyeyuke taratibu. Nawasihi akina mama wenzangu wasimwanike samaki wa barafu juani wala kumwacha mezani kutwa, kwa maana nje hupata joto na kuanza kuharibika huku ndani yungali jiwe. Na akisha kuyeyuka, asirudishwe tena barafuni. Vile vile samaki mwenye mafuta mengi, kama kamongo au mkunga, asikawizwe mno. Miezi miwili au mitatu yatosha, kwani mafuta yake huchacha hata akiwa ndani ya baridi.

Asubuhi nilivipangusa vipande maji yake. Nikazikuna nazi alizokuja nazo mama mwenyewe, nikakamua tui zito. Nikalitia thomu na tangawizi zilizopondwa, pilipili mbichi, bizari ya manjano, chumvi kidogo na maji ya ukwaju. Nikalichemsha nikikoroga bila kuacha, lisije likakatika, mpaka likawa zito la kushika mwiko. Kisha nikavirudisha vipande juu ya mkaa, upande wa ngozi kwanza, bila tone la mafuta, kwa kuwa vina ya kwao. Vilipopata moto hadi ndani nilivipaka tui, nikavigeuza, nikavipaka tena, mara tatu. Samaki huyu ameiva tangu siku aliyobanikwa. Anachotaka ni moto wa kupenya na mkono wenye subira. Aandaliwe papo hapo, kwani akipoa mafuta yake huganda akawa mzito mdomoni.

Tukatandika mkeka. Upande mmoja palikuwa na sinia la wali wa nazi, upande wa pili ugali wa mtama na mboga za kienyeji. Katikati niliweka kamongo wa kupaka, na kando yake ngege wawili wa kukaanga. Tulipokwisha kunawa, mama alinusa akatabasamu.

"Mwanangu," aliniuliza, "mkunga huyu mmemtoa wapi huku bara?"

Nikamwona mavyaa ananitazama. Hakusema neno. Ulimi wangu ulikuwa tayari kutamka "sokoni", lakini haya ilinishika. Nikasema, "Mama, si mkunga. Ni kamongo, samaki wa ziwani. Mavyaa amekuwekea mwezi mzima."

Mama akaurudisha mkono. Akauliza kwanza amepakwa nini. Ndugu yangu aliyeko London aliwahi kumwandalia mkunga wa Kijapani, ambaye huuzwa katika pakiti, amekwisha kuchomwa na kugandishwa. Walipoisoma karatasi yake waliona kwamba mchuzi uliopakwa una mirini, ambayo ni mvinyo mtamu wa mchele, wakamwacha. Samaki hakuwa na kosa, kosa lilikuwa katika mchuzi wake. Ni jambo la kukumbukwa na kila mwenye jamaa ng'ambo. Nilimjibu kwamba hapa hapana ila tui la nazi zake. Kisha nikamweleza habari za mapafu, na matope, na jawabu la ustadhi. Sikuficha kitu.

Alinyamaza kitambo. Nilidhani karamu imevunjika. Ndipo alipomgeukia mavyaa akamwambia, "Dada, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Mtume wetu aliwekewa kenge wa jangwani aliyechomwa, akauzuia mkono wake. Walipomwuliza kama ni haramu alisema sivyo, ila hakumzoea katika nchi ya watu wake. Khalid bin Walid akamvuta, akala mbele yake. Mimi nami huyu sikumzoea. Kuleni, nami nitakula ngege pamoja nanyi."

Mavyaa alicheka akamsogezea ngege mkubwa. "Kula, dada," alisema. "Hata jirani zetu Waganda wa ukoo wa Mamba hawamli kamongo, maana kwa Kiganda mamba ndiye huyu huyu, naye ni mwiko wa ukoo wao. Wala hatujagombana nao kwa hilo." Tukala, tukazungumza mpaka adhana ya alasiri.

Tangu siku ile nimelifikiri sana jambo hili. Sisi watu wa pwani tunapokula ugenini, mara nyingi tunachanganya mambo mawili. Kitu kisichotupendeza tunakipa jina la haramu, na kwa neno hilo tunamvunja moyo mwenyeji aliyejinyima kwa ajili yetu. Kumbe mwalimu wetu hakuwahi kukitia kila chakula aibu. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha. Nami nikajifunza jambo langu. Uongo niliotaka kuusema kwa nia njema ungewadhalilisha wazee wote wawili. Mmoja angelishwa asichokijua, na mwenziwe angeonekana kana kwamba chakula chake ni cha kufichwa.

Siku ya kuondoka, mama aliuliza kama kimebaki kipande. Kilibaki kimoja, ambacho hakikuwa kimeyeyushwa. Akataka apelekewe kaka yake, mvuvi mstaafu wa Mombasa asiyeogopa kitu chenye mapezi. Tukakifunga kwa magazeti mengi, tukakitia katika sanduku la baridi pamoja na barafu, akaondoka nacho.

Siku ya pili simu ililia. Alikuwa mjomba. Hakusalimu kwa kirefu kama desturi yake. Aliuliza tu mavyaa yangu hujambo, na je, yule samaki mwenye mapafu hupatikana tena lini.